Kuunganisha Google Drive na tovuti ya WordPress: mwongozo kamili wa bakapu kwa kampuni za utalii Arusha na Moshi

Kampuni nyingi za utalii Arusha na Moshi zina tovuti iliyojengwa kwa WordPress, na tovuti hiyo imekaa kwenye seva moja ya kukodi, basi. Humo ndimo zilimo ratiba za njia za Machame na Lemosho za Kilimanjaro, picha za Ngorongoro, bei za kila msimu na maoni ya wageni waliokwisha kurudi makwao. Siku seva ikidukuliwa, au malipo ya mwaka yakisahaulika mpaka akaunti ikafutwa, vyote vinaondoka kwa pamoja. Bakapu, yaani nakala za akiba, zilizokuwa kwenye seva hiyo hiyo nazo zinaondoka.

Dawa yake ni kuifanya tovuti itume nakala zake yenyewe kwenda mahali pengine, bila kumtegemea mtu akumbuke. Hapa tunatumia plagini (programu ndogo inayoongezwa kwenye WordPress) ya UpdraftPlus, toleo la bure, pamoja na Google Drive. Plagini hiyo inakubali pia Dropbox na Amazon S3, lakini Drive ndiyo ambayo karibu kila ofisi ina mtu anayeijua. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Jambo moja tuliondoe kwanza, maana linawafanya wengi wasite: kazi hii hailambi bando la ofisi. Data inatoka kwenye seva ya tovuti kwenda moja kwa moja kwenye seva za Google, haipiti kwenye ruta yako. Umeme ukatike Njiro, kompyuta ya ofisi izimwe, bakapu itaendelea. Bando litatumika siku utakapoamua kuzipakua nakala kwenye kompyuta yako.

Akaunti iwe ya nani?

Hapa ndipo mambo mengi huharibikia, kabla hata plagini haijawekwa. Kwa kawaida fundi aliyetengeneza tovuti huunganisha Gmail yake binafsi, kwa sababu ndiyo iliyo wazi kwenye kompyuta yake wakati huo. Tovuti inafanya kazi na bakapu zinakwenda, hakuna anayeuliza. Miaka miwili baadaye fundi amehamia Dar au amebadilisha kazi, namba yake haipatikani, na nakala zote za kampuni ziko kwenye Drive ambayo kampuni haina nenosiri lake.

Usitumie pia Gmail ile ile mnayopokelea maulizo ya wageni. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya Gmail, Drive na Google Photos. Ikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Yaani bakapu zikiongezeka kimyakimya hadi zikajaza nafasi, mgeni anayeuliza bei ya siku saba za Kilimanjaro ataandika barua na itamrudia, nanyi hamtajua.

Kwa hiyo fungua akaunti mpya ya Google kwa jina la kampuni, kwa kazi ya bakapu tu. Weka nenosiri refu lisilotumika kwingine, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo kuna mtego unaozihusu sana ofisi za huku: bosi ndiye mwenye simu inayopokea kodi (namba za siri za kuthibitisha), na bosi huyo huyo yuko mlimani na wageni au ndani ya Serengeti ambako mtandao unakuja na kuondoka. Google hutoa kodi 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8, na kila moja hutumika mara moja tu. Zichapishe na uzifungie kwenye droo yenye ufunguo ofisini, pamoja na nenosiri. Watu wawili wa kampuni wajue zilipo.

Akaunti hii pia isiachwe bila mtu kuingia. Google ina utaratibu wa kufuta akaunti za binafsi zisizotumika kwa miaka 2. Kuingia mara moja kwa mwezi kunatosha, na siku hiyo hiyo utakagua nakala kama tutakavyoeleza.

Pima nafasi kabla ya kuunganisha

Ingia kwenye cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia seva yako, utazame folda ya wp-content (yenye picha, plagini na mwonekano wa tovuti) ina ukubwa gani. Tuseme ni GB 2.5. Ukiamua bakapu ya mafaili kila wiki na kubakiza nakala 4, hizo ni GB 10. Hifadhidata, yenye maandishi na mipangilio ya tovuti, ni ndogo, tuseme MB 40. Ukiitunza kila siku na kubakiza nakala 14 ni MB 560. Lakini plagini hufuta nakala ya zamani baada ya mpya kufika, kwa hiyo kwa muda mfupi utakuwa na nakala 5 za mafaili, yaani GB 12.5. Jumla inakaribia GB 13.1, na GB 15 zinatosha kwa shida. Folda ikifika GB 3, punguza nakala ziwe 3 au nunua nafasi zaidi.

Kinachovimbisha folda hiyo karibu kila mara ni picha. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, WordPress ikipokea picha yenye upande unaozidi pikseli 2560 huitengenezea nakala ndogo, ila ile kubwa haiitupi. Inabaki kwenye seva. Juu yake yanaongezeka matoleo madogo madogo ya vipimo mbalimbali. Picha moja ya simba yenye MB 8 kutoka kwenye kamera inageuka kuwa mafaili saba au nane, na lililo kubwa kuliko yote halionekani na mgeni yeyote. Punguza picha kabla ya kuzipandisha: upana wa pikseli 1920, JPEG ya ubora wa 80, uzito chini ya KB 500. Ukifanya hivyo msimu mmoja tu utaona tofauti kwenye bakapu, na tovuti itafunguka haraka zaidi kwa mgeni.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

Fanya kazi hii kwenye kompyuta. Simu inaweza, ila kurasa za idhini hufunguka kwenye programu tofauti na unaweza kupotezana nazo njiani.

1. Fungua dirisha la faragha kwenye brauza. Humo ingia Google kwa akaunti mpya ya bakapu, na kwenye kichupo cha pili ingia WordPress kama msimamizi. Sababu ya dirisha la faragha ni kwamba brauza ya kawaida mara nyingi ina akaunti tatu nne za Google zilizo wazi, na ni rahisi mno kuidhinisha isiyo yenyewe.

2. Kwenye WordPress nenda Settings, kisha General, sehemu ya Timezone. Chagua Dar es Salaam, maana Arusha haimo kwenye orodha. Usipofanya hivyo, saa zinazoandikwa kwenye majina ya nakala zinaweza kukuchanganya siku ya dharura.

3. Nenda Plugins, kisha Add New au Add Plugin (kutegemea toleo la WordPress), tafuta UpdraftPlus. Bonyeza Install Now, halafu Activate.

4. Fungua ukurasa wa UpdraftPlus, kichupo cha Settings. Juu kuna ratiba mbili, ya mafaili na ya hifadhidata. Weka Weekly na 4 kwa mafaili, Daily na 14 kwa hifadhidata. Zilivyokuja, zote mbili hubakiza nakala 2 tu. Hiyo ni kidogo mno: tovuti ikidukuliwa na mkagundua baada ya wiki tatu, nakala zote mbili zitakuwa tayari zimebeba uchafu wa mdukuzi.

5. Kwenye alama za hifadhi, bonyeza Google Drive. Hakikisha imewaka. Shuka chini kabisa ubonyeze Save Changes.

6. Kitatokea kidirisha chenye kiungo cha kuingia Google. Kibonyeze, chagua akaunti ya bakapu. Google itaorodhesha ruhusa ambazo plagini inaomba. Ukiona visanduku vya kuweka tiki, weka tiki kwenye kile cha Drive. Ukikiruka, muunganisho utaonekana umekubali lakini hakuna faili litakalopanda.

7. Ukishakubali, utapelekwa kwenye ukurasa wa UpdraftPlus wenye kitufe cha Complete Setup. Kibonyeze. Watu wengi huishia hapa wakidhani wamemaliza kwa kuwa Google imeshasema ndiyo, wanafunga ukurasa, na tovuti haipati tokeni yake, yaani ufunguo wa kidijitali wa kuingilia Drive.

8. Utarudi kwenye WordPress. Ujumbe wa mafanikio utakuonyesha ni akaunti ipi imeunganishwa na nafasi iliyotumika. Soma. Kama si ile ya bakapu, rekebisha sasa hivi.

9. Bonyeza Backup Now. Acha tiki kwenye hifadhidata, mafaili, na kutuma kwenye hifadhi ya mbali. Tovuti ya GB 2 au 3 kwenye seva ya kawaida huchukua muda, usiibonyezebonyeze.

Ikimalizika, fungua Drive. Utakuta folda ya UpdraftPlus, na ndani yake mafaili yenye majina marefu yanayoanza na neno backup, tarehe, saa na jina la tovuti. Kuna aina tano: db ni hifadhidata, plugins ni plagini, themes ni mwonekano wa tovuti, uploads ni picha na nyaraka, others ni mengineyo ya wp-content. Tovuti kubwa itakuwa na uploads, uploads2 na kuendelea, kwa sababu plagini hukata mafaili kila yakifika MB 400. Usibadilishe majina hayo hata kidogo. Plagini inaitambua nakala kwa jina la faili.

Saa ya kuendesha bakapu

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuendesha bakapu usiku wa manane. Kwa duka la vipuri Kijenge ni sawa. Kwa kampuni ya utalii si sawa. Saa nane usiku Arusha, New York wakati wa kiangazi chao ni saa moja jioni: mtu ametoka kazini, amekaa na mwenzake wanatafuta safari. Ukiiburuza seva kwa bakapu saa hiyo, tovuti inakuwa nzito mbele ya mteja halisi. Saa moja asubuhi kwetu, New York ni saa sita usiku na Ujerumani ni saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo pametulia.

Toleo la bure halina sehemu ya kuchagua saa. Ratiba huhesabu kuanzia pale unapohifadhi mipangilio. Basi fanya hatua ya 4 na ya 5 asubuhi saa moja, na mzunguko utaanzia hapo.

Kuna kingine. WordPress haina saa inayojiendesha: kazi za ratiba hushtuliwa na mtu anapofungua ukurasa. Msimu wa masika, Aprili na Mei, wageni wa tovuti hupungua na bakapu ya saa moja inaweza kukimbia saa tano au kesho yake. Lirekebishe kwa kuongeza mstari huu kwenye faili la mipangilio la wp-config.php, juu ya ule wenye maneno stop editing:

define('DISABLE_WP_CRON', true);

Kisha kwenye cPanel, sehemu ya Cron Jobs (kazi zinazojiendesha kwa ratiba), chagua kila dakika 15 na uandike amri hii, ukiweka jina la tovuti yako:

wget -q -O - "https://tovutiyako.co.tz/wp-cron.php?doing_wp_cron" >/dev/null 2>&1

Vyote viwili viende pamoja. Ukiweka mstari wa kwanza ukasahau amri, hakuna bakapu itakayokimbia tena, wala makala uliyoipangia kutoka kesho haitatoka.

Ikikwama

Tatizo linaloongoza ni nafasi ya kwenye seva yenyewe, si ya Drive. Plagini hutengeneza kwanza zipu kwenye folda ya wp-content/updraft, ndipo inaituma. Kama umenunua kifurushi cha GB 5 na tovuti ina GB 3.5, zipu haina pa kukaa, na kazi inafia katikati. Tazama kama kuna bakapu za zamani za plagini nyingine, maana mara nyingi ndizo zilizokula nafasi. Zipakue kama bado unazihitaji, kisha uzifute. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kitaalamu chini ya ukurasa, hakikisha chaguo la kufuta nakala ya seva baada ya kuituma lina tiki, na upunguze kipimo cha kukata mafaili kutoka 400 hadi 100. Vipande vidogo huvumilia zaidi kwenye seva dhaifu.

Bakapu ikisimama dakika tano bila kusogea, iache kwanza. Seva za kukodi hukata kazi ndefu, na plagini imepangwa kujiamsha baada ya dakika chache na kuendelea ilipoishia. Ukianzisha nyingine juu yake unaongeza mzigo. Kama saa nzima imepita bila mabadiliko, soma logi, yaani kumbukumbu ya hatua ambazo plagini imepitia. Mstari wa mwisho ndio wenye habari.

Ujumbe wenye neno invalid_grant maana yake tokeni imekufa. Tokeni ya Google hufa ukiifutia programu ruhusa, au isipotumika kwa miezi 6. Hili la pili huzipata ofisi zilizoweka ratiba ya Manual (ya kuanzisha kwa mkono) zikasahau. Dawa ni kurudia hatua ya 6 hadi ya 8. Nakala za zamani zilizoko Drive hazitaguswa.

Drive ikikataa kwa kujaa, angalia takataka. Mafaili uliyoyafuta kwa mkono hukaa humo siku 30 na yanaendelea kuhesabiwa kwenye GB 15 mpaka uyatoe.

Jaribu kurejesha

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiitegemee. Masika ndiyo wakati mzuri wa zoezi hili, wageni wakiwa wachache na ofisi imetulia.

Anza kwa kupakua. Chukua zipu moja ya uploads, ifungue, angalia kama picha za mwezi huu zimo. Pakua faili la db, lifungue, na kwa programu ya maandishi utafute jina la ratiba mliyoiongeza karibuni. Likionekana, hifadhidata ni nzima. Kisha ndani ya UpdraftPlus, chini ya Existing Backups, bonyeza Restore na uchague Themes peke yake. Ni sehemu ndogo, na kama mwonekano haujabadilishwa tangu nakala ile, tovuti itabaki vile vile. Plagini itaacha folda za zamani zenye neno old mwishoni. Ukiridhika kuwa tovuti iko sawa, zifute kwa kitufe kitakachotokea juu.

Siku ya msiba wenyewe mpangilio ni huu: seva mpya, WordPress mpya, UpdraftPlus, unganisha akaunti ile ile ya Google, kisha bonyeza Rescan remote storage. Nakala zitajitokeza kwenye orodha, nawe utachagua ya tarehe unayoiamini. Kama ulidukuliwa, rudi nyuma kabla ya siku dalili zilipoanza, kisha ubadilishe manenosiri yote kabla ya kuifungua tovuti kwa wageni.

Barua pepe za kampuni haziingii kwenye bakapu hii. Kama mnatumia anwani za jina la kampuni zilizo kwenye cPanel, masanduku yale yako nje ya WordPress kabisa. Na kama fomu ya maulizo ni ya Contact Form 7, peke yake haihifadhi maombi kwenye hifadhidata, inayatuma kwa barua tu. Maombi ya wageni yapo kwenye barua hizo na si kwingine. Zihifadhi kwa njia yake, kupitia sehemu ya Backup ya cPanel, walau mara moja kwa mwezi.

Taarifa za wageni, na fundi anapoondoka

Ikiwa fomu zenu huhifadhi namba za pasipoti au hali ya afya ya wapanda mlima, faili la db linabeba yote hayo, na toleo la bure halilifungi kwa usimbaji. Yeyote anayeifikia folda anaweza kulisoma. Usiishiriki folda hiyo kwa kiungo, hata kwa fundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na inagusa pia taarifa zinazopelekwa nje ya nchi, jambo ambalo Drive inafanya. Wekeni utaratibu wa kufuta taarifa za mgeni kwenye tovuti safari yake ikishakwisha. Baada ya nakala 14 za kila siku kupita, zitakuwa zimetoka kwenye bakapu pia.

Mkiachana na fundi, fanya haya siku hiyo hiyo: badilisha nenosiri la akaunti ya bakapu na la cPanel, futa jina lake kwenye orodha ya Users ya WordPress, kisha ingia kwenye akaunti ya Google, sehemu ya Usalama, utazame programu zilizounganishwa. UpdraftPlus inatakiwa kuwemo. Kingine chochote usichokitambua, kiondoe. Halafu bonyeza Backup Now na ufungue Drive kuona kama faili la leo limefika.